Mistari Miwili ya Jumapili Ile

Siku ambayo Veit hakurudi, chakula chake nilikuwa nimekifunika kwa sahani. Ilikuwa Jumapili ya Juni. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa ameondoka kwenye uwanja wa klabu yetu, hapa kwenye milima ya Alb, kusini mwa Ujerumani, kwa safari yake ya kwanza ya mbali katika ndege isiyo na injini.

Safari hiyo haifundishwi kwa maneno. Mwalimu hutangulia katika ndege yake, mwanafunzi humfuata katika yake. Huzunguka pamoja ndani ya hewa inayopanda, na mwalimu haendi mbele mpaka aliye chini apande.

Mwalimu wake alikuwa Volkmar. Veit aliangukia kwenye miti, akafa, hatua chache tu kabla ya shamba ambamo angeweza kutua.

"Nilimwambia anifuate," Volkmar alimwambia baba yetu. "Kijana akashika njia yake."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alikufa wakati wa Krismasi, akiamini kwamba mwanawe alikuwa mkaidi.



Februari nilifungua ukurasa wa mashindano, mahali ambapo marubani hutuma rekodi za safari zao ili wapewe pointi. Nikaitafuta Jumapili ile. Volkmar alikuwa ameituma yake jioni ileile: kilomita mia tano na kumi. Mdogo wangu amelala mochwari, na yeye hakukubali pointi zake zipotee.

Polisi walikuwa wameturudishia kifaa cha Veit cha kurekodi safari. Nikaiweka mistari miwili ya njia zao angani kwenye ramani moja.

Mwezi Machi tulikuwa na darasa la marubani wapya klabuni. Niliomba nusu saa. Volkmar alikaa mbele na bia yake.

"Haya, Irmela, unatufundisha nini leo? Kufunga trela za kubebea ndege?"

Watu wakacheka.

"Kusubiri," nikasema.

Nikawasha ramani. Majina na tarehe nilikuwa nimeyaficha. Saa nane na dakika kumi: mmoja yuko mita mia nne kutoka ardhini, anazunguka. Mwingine yuko mita elfu moja juu yake. Wa juu anaacha kuzunguka na kunyoosha mashariki. Wa chini anazunguka peke yake dakika kumi na moja, kisha mstari wake unakatika.

"Huyu wa juu mbona anaondoka?" akauliza binti mmoja mgeni.

"Muulize mwalimu Volkmar. Yeye ndiye bingwa wa safari."

Rubani huutambua mstari wake kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Volkmar aliweka bia chini.

"Irmela, zima hiyo."

"Mjibu kwanza mtoto wa watu."

"Kule mashariki hewa ilikuwa nzuri," akasema kwa sauti ndogo.

"Na huyu wa chini?"

Nikabonyeza, majina mawili yakatokea, na tarehe. Binti yule alisoma, akavuta kiti chake mbali na Volkmar. Volkmar alitoka bila koti.

Nilifurahi. Hata leo nikikumbuka mgongo wake mlangoni, nafurahi.

Volkmar hafundishi tena. Kila Machi somo la kwanza la safari ya mbali ni mistari ile miwili, majina yakiwa wazi, na anayelifundisha ni mimi.