Yatima Wasimame

Hakusimama mtoto hata mmoja.

Thobias alikohoa, akaitazama tena karatasi yake, akarudia kwa ile sauti yake ya madhabahuni: "Watoto yatima wote wasimame, waje hapa mbele." Watoto mia na ushee waliokaa chini nje ya kanisa la udongo wakamtazama kwa adabu, vikombe vya uji mikononi. Akamgeukia Dorkasi. "Dada Dorkasi, hebu waambie kwa Kigogo."

Dorkasi alichukuliwa safari hii kwa ajili ya Kigogo hicho, na chenyewe kilikuwa Kigogo cha kuombea maji. Alizaliwa mjini Dodoma, kule Kizota, baba yake fundi wa kuchomelea vyuma, na nyumbani kwao lugha hiyo ilitoka tu bibi alipowatembelea au wazazi walipogombana. Hata hivyo alijikakamua: mtoto aliyefiwa na baba au mama asimame. Akina mama waliokaa nyuma wakainamisha vichwa. Mmoja akainuka, akawakusanya wanawe watatu akaondoka nao, uji wao haujaisha.

"Wameelewa kweli?" aliuliza Thobias.

"Wameelewa," alisema Dorkasi, na hapo ndipo alipoanza kuchanganyikiwa.

Ilikuwa Desemba ya mwaka tisini na tatu, miaka ile ambayo kila mwenye tai na mhuri alikuwa na shirika lake. Thobias, karani wa wizara na mzee wa kanisa, hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa amehangaika mwaka mzima mpaka akapata wafadhili wa kutoa sare za shule ishirini, pamoja na viatu, kwa yatima ishirini. Yatima, si maskini. Fomu zilisema hivyo, na Thobias aliheshimu fomu kuliko alivyoheshimu njaa yake mwenyewe. Shule ya kijiji kile, mbele kidogo ya Makutupora, ilikuwa imeshatangaza kwamba Januari asiye na sare asisogee mlangoni.

Mwinjilisti Mazengo, mwenyeji wao, aliwavuta pembeni. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Mzee Thobias, huku hatufanyi hivyo. Mtoto akifiwa na baba, ana baba mkubwa, ana baba mdogo. Akifiwa na mama, ana mama wadogo tele. Ukimwita yatima mbele yao, umewaambia kwamba wao si watu."

"Lakini barua yako ilisema wapo ishirini na watatu!"

"Mliniuliza wangapi wamefiwa, nami nikawahesabu. Hamkuniambia mtawaita mbele ya watu."

Ikaamuliwa kwamba Mazengo apite polepole kwa mama mmoja mmoja, waje nyuma ya kanisa, na huko Dorkasi awaandike na kuwapima kwa utepe. Njia hiyo ilikubalika. Walikuja wakitazama chini, kama watu waliokuja kushtakiwa, na kila mmoja alinong'ona jina akaondoka upesi. Dorkasi aliona aibu, lakini hakujua ni aibu ya nani. Alikuwa amekuja kuwahudumia watoto. Mbona kila aliyehudumiwa aliondoka kama ameibiwa?

Wa kumi na tatu kwenye orodha ya Mazengo alikuwa Hana. Mazengo alikuwa amemweleza Dorkasi habari zake: mama yake alifariki siku tatu baada ya kumzaa, na dada wa marehemu, Paskazia, aliyekuwa na kichanga chake Aneth, akawanyonyesha wote wawili. Kijijini waliitwa pacha.

Paskazia alikuja amewashika mkono wasichana wawili wa miaka saba, kimo kimoja, vichwa vimenyolewa sawasawa.

"Shikamoo, mama," alisema Dorkasi.

"Marahaba, mwanangu." Akamsukuma mmoja mbele. "Mwandike huyu. Aneth."

Dorkasi akatazama orodha. "Mama, hapa ameandikwa Hana."

Paskazia akawaambia watoto wasogee kule ukutani. Kisha akainama, Kiswahili chake kikija kwa shida. "Sare moja ninayo. Nilivuna zabibu za watu Agosti yote mpaka nikaipata. Nataka ya pili, waende shule pamoja. Mmoja akienda na mwingine akabaki, nitawatazamaje?"

"Basi nimwandike Hana. Sare ni sare, mama, na kimo chao ni kimoja."

"Hapana."

"Lakini Hana ndiye…"

Paskazia akamshika mkono, akaubana kweli. "Usilimalize. Neno hilo ukimpa Aneth, ni uongo. Litamtoka kama vumbi, nitamwogesha. Ukimpa Hana ni kweli. Nitamwogesha na nini?"

Jumapili iliyopita tu Dorkasi aliwafundisha watoto wa Kizota kwamba Mungu anachukia ulimi wa uongo, na walikariri vizuri. Kalamu ilikuwa mkononi, wino umejaa, na moyo wake haukujua uende wapi. Alimhurumia mwanamke huyu na papo hapo alimkasirikia, kwa nini alete jambo gumu namna hii kwa mtu aliyekuja na utepe tu. Mwishowe akaandika: Aneth.

Hapo ndipo Thobias alipotokea na kamera. Wafadhili walitaka picha, na neno moja kutoka kwa kila mtoto.

"Huyu ndiye? Mwulize, mama yake yuko wapi?"

Dorkasi alitafsiri taratibu, akiomba mtoto asisikie. Aneth alisikia. Akafungua mdomo, akamtazama mama yake aliyesimama hatua tatu tu kutoka hapo. Paskazia alikuwa ameukazia macho mlima kana kwamba kuna mtu anashuka.

Hana ndiye aliyeona kwamba mambo yanaharibika. Alikuwa mwepesi wa akili, na tangu asubuhi alishaelewa kwamba sare ni za waliofiwa. Akatoka ukutani mbio kumwokoa mwenzake.

"Mama yake amekufa," alisema kwa Kigogo, waziwazi. Akaukumbatia mguu wa Paskazia. "Huyu ni mama yangu mimi."

Aneth akaangua kilio. Alilia kwa mwili mzima, akipiga miguu chini, akipayuka kwamba Hana ni mwongo, mama ni wake, mama ni wake yeye. Paskazia hakusogea. Mkono mmoja ulikuwa juu ya kichwa cha Hana, wa pili ulining'inia hewani.

"Anasema nini?" aliuliza Thobias, macho yamemlowa.

"Anamlilia mama yake."

"Maskini! Mwambie asilie. Mwambie kuanzia leo kanisa ndilo mama yake."

Dorkasi akachuchumaa mbele ya mtoto. Kwa Kigogo chake kibovu alimwambia, "Nenda kwa mama." Aneth akaruka, na ule mkono uliokuwa hewani ukamdaka. Paskazia akawa amewakumbatia wote wawili, uso wake umezama katikati ya vichwa vyao viwili.

"Bwana asifiwe!" Thobias alipiga picha, akapiga nyingine. "Umeona upendo huo, dada? Mama wa watu, mtoto si wake, lakini amempokea papo hapo!"

Dorkasi akachukua utepe ili afanye kazi, maana kazi aliijua. Akampima Aneth mabega, akampima kiuno, akaweka mguu wake kwenye karatasi akauchora kwa ajili ya viatu. Kwikwi za mtoto zilikuwa zinaisha. Hana alisimama kando akiangalia mchoro wa ule mguu. Sare yake ya zabibu haikuwa na viatu.

Akamvuta Dorkasi sketi, akauliza kwa sauti ndogo ya mtu anayetaka kujua utaratibu: "Na mimi, mama yangu akifa, mtanipa viatu?"

Paskazia alisikia. Dorkasi alijua amesikia, kwa sababu mama huyo alikaa chini ghafla, palepale kwenye mchanga.

"Na huyu mwingine anasemaje?" aliuliza Thobias, akifuta kioo cha kamera kwa leso.

Dorkasi alikuwa bado ameushika utepe.

"Anashukuru," alisema.