Kifua cha Popi

Operesheni ya kuondoa uvimbe ilikuwa imekwisha, uzi wa mwisho umeshakatwa, ndipo moyo wa Popi uliposimama.

Daktari Edina alimlaza mbwa huyo kwa ubavu, akaweka viganja juu ya moyo na kuanza kukandamiza. Kazi hiyo aliijua tangu chuoni. Ukibonyeza, moyo unaminywa na damu inakimbilia kwenye ubongo. Ukiachia, kifua kinafunguka na damu inarudi kuujaza moyo. Usipoachia, ukibonyeza tena hakuna damu ya kusukuma.

Lakini Edina alikuwa na miezi minne tu kazini kwenye kliniki ya mifugo pale Nkuhungu, na hofu ilimsahaulisha kuachia. Uzito wake wote ulibaki juu ya zile mbavu nyembamba.

"Daktari, unamlalia," alisema mama Loisi, msaidizi wake wa makamo, huku akimpa Popi hewa kwa mfuko wa kupumulishia. "Achia kifua kirudi. Au nipishe, umechoka."

"Wewe shughulika na hewa! Daktari hapa ni mimi."

Mama Loisi akaendelea kuminya mfuko. Dakika sita zikapita, mikono ya Edina ikafa ganzi, akasogea pembeni. Mama Loisi akashika nafasi yake. Alibonyeza kwa nguvu na kuachia kabisa, akabonyeza, akaachia. Ufizi wa Popi uliokuwa umepauka ukapata wekundu kidogo. Edina akashika mfuko wa hewa, akiomba kimoyomoyo. Wekundu ule ukafifia, haukurudi tena.

Nje, mzee Bartolomayo, mwenye mbwa, alikuwa kwenye benchi, kamba ya Popi mkononi. Tangu mkewe afariki, yeye na Popi walibaki wawili tu nyumbani. Edina akamwendea. Angeweza kusema ni dawa ya usingizi iliyomuua, na mzee angeamini.

"Mzee wangu, Popi ametutoka. Na mimi nilikosea. Nilielekezwa, nikakataa kusikia."

"Ungesikia, angepona?"

"Sijui, mzee. Ila angepata nafasi."

"Nisaidieni kumbeba," alisema mzee, na hakumwita Edina "daktari" kama alivyokuwa akimwita awali.

Bajaji iliyombeba mzee na Popi ilipoondoka, Edina alirudi ndani. Mama Loisi alikuwa akifuta meza, amempa mgongo.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu," alijibu bila kugeuka, akaendelea kufuta mahali palipokwisha kutakata.