Kuonja Si Kula

Baba yangu alikuwa mwokaji wa mikate, na kitambi chake ndicho kilichokuwa tangazo la duka. Mpaka leo nikipita mahali tanuri linapofunguliwa, harufu ya mkate wa moto inanishika miguu. Nasimama barabarani kama mpumbavu, nikimkumbuka yeye na mama.

Alipopata kisukari alikipuuza, mpaka kikamletea kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kikakataa kupona. Daktari hakumung'unya maneno.

"Mzee, punguza wanga. Mkate, wali, viazi, soda, weka kando. Sukari isiposhuka, hicho kidole tutakikata, na sijui tutaishia wapi."

Mama akashika hatamu jikoni. Asubuhi mayai na mchicha, mchana samaki na kabichi, jioni kuku na parachichi. Baba alikula huku akinung'unika kwamba anafugwa kama sungura, lakini mezani hakugusa mkate. Hata hivyo sukari iligoma kushuka, na lawama zote zikamwangukia mama. Shangazi alifika mpaka jikoni kufunua masufuria. Siku hiyo nilimwona mama akilia, nikamchukia shangazi waziwazi.

Kesho yake mimi na mama tulimfuata baba kazini, mama akaketi juu ya gunia la unga. Kila trei ilipotoka, baba alimega mkate, akatafuna, akaguna, akahamia trei nyingine.

"Mume wangu, unafanya nini?"

"Naonja."

"Na unameza?"

Baba alishangaa kwelikweli. "Kuonja si kula, mke wangu. Utauzaje kitu hukijui?"

Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililoniuma. Kwake ile ilikuwa kazi, siyo chakula, ingawa hadi adhuhuri alikuwa amemaliza mkate mzima na kitu juu.

"Basi kuanzia leo ulimi wako ni mimi," mama akasema.

Ikawa hivyo. Mama alimega kidogo kama ndege, baba akafumba macho na kusikiliza.

"Chumvi imezidi kidogo. Ganda linavunjika vizuri, lakini katikati pananata, kama vile umeutoa kabla haujaridhika."

Baba alimeza mate, akaenda kurekebisha moto. Wateja waliwacheka, wakawaita maharusi. Taratibu sukari ilishuka, daktari akapunguza dawa, kidonda kikafunga. Kitambi nacho kikaaga, na majirani wakavumisha kwamba duka linafilisika. Nyumba yetu haikuwahi kuwa na raha kama miaka ile.

Mama ndiye aliyetangulia. Asubuhi tuliyofungua duka baada ya msiba, nilimega mkate wa trei ya kwanza, nikatafuna.

"Mzuri," nikasema.

Baba alibaki amefumba macho, akingoja.

"Mzuri ndiyo nini, mwanangu? Mama yako alikuwa ananilisha."

Nikamega tena, nikatafuna polepole, nikitafuta maneno.