Miaka ya Hhando

Mwaka 1983 Hhando alishinda kwa mara ya tatu mfululizo mbio za baiskeli za kutoka Mto wa Mbu mpaka lango la Ngorongoro, na jioni ile wateja wa mgahawa wa Leonida, pale Karatu, wakagawanyika pande mbili.

Hhando alikuwa mtu wa kijiji cha Qurus. Shamba moja la kahawa lilimlipa mshahara aendeshe baiskeli kwa jina la shamba hilo, kazi ambayo wengi hawakuamini kuwa ni kazi. Fomu yake ilisema ana miaka thelathini na minane. Aliokimbizana nao walikuwa vijana wa miaka ishirini, na kwenye kona za mlima aliwaacha kama wamesimama.

Clemensi, fundi baiskeli aliyehamia kutoka Kilimanjaro, alisema mtu wa umri ule hawezi kupanda hivyo kwa ugali na chai. Kuna dawa anameza. Mwingine alidai Hhando alishika lori, lakini wakamkatalia: ilikuwa Jumapili, mafuta ya shida, barabara tupu.

Leonida alimtetea. Yeye alikuwa na miaka arobaini na sita, na Hhando hakuwahi kuingia mgahawani bila kumwamkia, "Shikamoo, dada." Aliamini Hhando ni mdogo hata kuliko fomu ilivyosema, kwa kuwa watu wengi wa kwao walikisia tu miaka yao. Akaahidi kuleta ushahidi wa kanisani ili Clemensi anyamaze.

Wiki iliyofuata akapanda basi mpaka parokia ya zamani upande wa Mbulu, alikobatizwa Hhando. Katekista, mzee Inosenti, akafungua daftari la ubatizo, akateremsha kidole, kikasimama. Akavua miwani, akaifuta, akasoma upya.

"Mwaka thelathini na moja," alisema. "Mtoto mchanga."

Leonida akasema huyo ni Hhando mwingine. Inosenti akamwonyesha pembeni, palipoandikwa ndoa: Marsela, wa Qurus. Ndiye mkewe. Leonida akatafuta benchi kwa mkono, akakaa. Miaka hamsini na miwili. Alikwenda kumpunguzia mtu umri, akamkuta amezidi kwa miaka kumi na minne, na sheria ya mbio ilisema mwisho ni arobaini.

Aliporudi hakupitia mgahawani. Alikwenda moja kwa moja Qurus, akamkuta Hhando anapalilia maharage. Kabla hajaamkiwa, akatangulia.

"Shikamoo, kaka."

Hhando akasimama na jembe mkononi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Umetoka Mbulu?"

Hakuficha kitu. Watu wa shamba la kahawa walipokuja kutafuta waendeshaji, alikuwa ametimiza hamsini. Alisoma fomu, akaona mwisho ni arobaini, akaandika thelathini na sita. Dawa hakuwahi kumeza. Kwa miaka ishirini alikuwa amepandisha magunia ya mahindi mlimani kwa baiskeli, na bila gunia aliuona mlima mwepesi.

"Mnabishana kuhusu dawa," alisema. "Mimi kila mwaka nangoja miguu ikatae, niache. Haijakataa."

Leonida akamuuliza afanye nini na alichokisoma.

"Usiseme wewe. Nitasema mwenyewe."

Jumamosi alikuja mgahawani, akasimama katikati ya watu, akataja mwaka aliozaliwa. Hakuna aliyecheka. Clemensi alimwomba arudie, akarudia. Fundi yule akakiweka kikombe mezani, akamtazama magoti, akamtazama uso.

Ushindi wote watatu ulifutwa na mshahara ukakatika. Ubishi ulizidi kuwaka, wengine wakiapa kwamba sasa dawa haina shaka tena. Clemensi hakuwa nao. Alikiri mbele ya wateja kwamba alimsingizia mtu, kisha akawaandikia waandaaji barua akiomba kikomo cha umri kiondolewe. Hawakumjibu.

Hhando aliendelea kuja kunywa chai, na hakumlaumu Leonida hata mara moja. Mkewe, Marsela, ndiye hakumsamehe Leonida. Miaka mingi baadaye, wakikutana mnadani, Marsela alikuwa bado anavuka kwenda upande wa pili, na Leonida hakuwahi kumfuata.