Hodi ya Tatu

Alkhamisi ile Bi Mwanakheir aliupika mkate wa kumimina tangu asubuhi, akaufunika, akaufunua, akaufunika tena. Dada yake Radhiya alikuwa anakuja kutoka Nungwi. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka sita.

Dini haiwaruhusu ndugu kununiana zaidi ya siku tatu, na yeye alilikumbuka hilo kila aliponyanyua mikono kuomba. Lakini siku mama yao alipofariki, Radhiya aliruhusu maziko kabla mdogo wake hajafika kutoka mjini, na Mwanakheir akasema mbele ya watu waliokuja kuhani: "Umemzika mama kama mtu anayeficha kitu." Radhiya hakujibu siku ile, wala siku nyingine yoyote. Mdogo ndiye aliyepaswa kwenda kuomba radhi. Hakwenda. Kila mwaka aliona haya zaidi ya mwaka uliopita.

Kisha wiki iliyopita Tabia, binti wa Radhiya, akapiga simu. "Mama mdogo, mama kasema atakuja Alkhamisi baada ya Laasiri. Kasema hakai sana."

"Akae hata dakika moja," alijibu Mwanakheir.

Alikuwa akiishi peke yake Malindi, mjini Unguja, ghorofa ya juu ya nyumba ya marehemu mumewe. Mtoto hakujaaliwa. Chini ya dirisha lake palikuwa na baraza ya mawe, iliyojengwa zamani ili mpita njia apumzike. Siku hizi waliopumzika ni Munir, fundi wa majokofu, na rafiki yake Jaku, watu wazima wenye wake na watoto. Walikuja na spika, wakaiunganisha na simu, na mtaa mzima ukasikiliza walichokitaka wao. Walimenya machungwa wakaacha maganda palepale. Vespa ya Munir iliegeshwa mbele ya mlango, hata mtu akitoka lazima apite ubavu.

Adhuhuri ilipopita, Mwanakheir alijitanda kanga akateremka.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir," alisema Munir bila kuinua macho.

"Marahaba. Wanangu, leo nna mgeni. Ipunguzeni hiyo spika, na hii vespa isogezeni."

"Mgeni huyo ana masikio mabovu?" aliuliza Jaku.

"Usimtanie bi mkubwa," Munir akasema, naye anacheka. "Tumeipunguza hiyo. Lakini njia ya watu wote hii, bibi. Mwenyewe unajua."

Waliipunguza kweli. Kabla hajamaliza ngazi, ikarudi palepale.

Laasiri alisali akiwa na vicheko vya spika masikioni. Alipofika katikati hakujua ni rakaa ya pili au ya tatu. Akaongeza moja, akasujudu sijda ya kusahau, na alipotoa salamu machozi yalikuwa yanamtoka kwa ghadhabu. Akanyanyuka. Akayavuta mabao ya dirisha yote mawili kwa nguvu, akatia komeo. Kelele ikapungua. Akaenda jikoni, nyuma kabisa, kuweka maji ya chai, akasema moyoni: Ya Rabbi, mlainishe dada yangu, na mimi nilainishe kabla yake.

Maji yakachemka. Akayapunguza moto. Yakachemka tena. Chumba kikaanza kuingia kiza, na kutoka msikitini akasikia mtu anajaribu kipaza sauti. Hapo ndipo alipoteremka kutazama.

"Eh! Kumbe umo?" alisema Munir.

"Nimo, nende wapi?"

"Basi kuna bibi kaja hapa, kapiga hodi. Hukuitika."

"Hodi ngapi?"

"Tatu," Jaku akasema. "Ya tatu ndiyo mimi nlipopasuka kicheko, kuna video hapa ya mtu kaanguka na sinia la biriani. Akatutazama, akaenda zake."

Tatu. Ndivyo mama yao alivyowalea: piga hodi tatu, na ukiwa hujaitikwa, geuka uende zako. Radhiya asingepiga ya nne hata kama nyumba inaungua.

"Na hamkumwambia kuwa nimo?"

"Hakutuuliza," alisema Munir. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa tayari anatafuta video nyingine.

Mwanakheir alipanda ngazi, akampigia Tabia.

"Mama yumo garini, kanambia kabla hajazima simu," alisema Tabia polepole. "Kasema alikuona, mama mdogo. Alikuwa anakata kona, akakuona unafunga dirisha. Kasema, sawa, nimefahamu."

"Siyo yeye, Tabia! Nlikuwa nafunga kelele!"

"Nitamwambia. Lakini unamjua mama."

Alimjua. Chai aliimwaga. Mkate wa kumimina hakuugusa, akasali Magharibi, na baada ya Isha akalala na kanga ya kutokea, kama mtu anayeogopa kuachwa na safari.

Ijumaa, baada ya Alfajiri, alitoka. Saa mbili ilikuwa haijatimia alipofika Nungwi, mbele ya mlango ambao hakuwa ameusogelea tangu msiba. Uchochoro ulikuwa mtupu. Kandambili za kike zilikuwa kizingitini, na ndani mtu alikuwa anafagia.

"Assalaamu alaykum. Hodi."

Fagio likanyamaza.

Alingoja. Hakuna spika pale, hakuna vespa, hakuna aliyecheka. Aliisikia pumzi yake mwenyewe, na akajua kuwa yule wa ndani anaisikia pia.

"Hodi, dada."

Mlango haukufunguka.

Alifungua mdomo kwa mara ya tatu, kisha akaufunga. Akiipiga ya tatu asijibiwe, itambidi ageuke aondoke, na baada ya hapo hakuna atakayekuja tena kwa mwenzake. Basi hakuipiga. Alikusanya buibui lake, akakaa kizingitini kando ya zile kandambili, mgongo kwa mlango, akaanza kumswalia Mtume kimyakimya kwa vidole. Jua likamfika miguuni.

Baada ya muda mrefu fagio likaanza tena, karibu na mlango sasa, likifagia mahali palepale tena na tena.