Kamera Kwenye Raundi ya Mwisho

Mwanamke nisiyemjua aliingia ukumbini na kipaza sauti mkononi, nyuma yake mpiga picha aliyebeba kamera begani, na kabla sijamsalimu akauliza, "Wale watoto wa drafti ndio hawa?"

"Sataranji," nikasema.

"Hiyo hiyo."

Ilikuwa saa tano asubuhi, raundi ya mwisho ya mashindano ya watoto. Kwa miezi minne nilikuwa nimeandikia kila televisheni, redio na gazeti nililolijua. Ndiyo kazi niliyopewa na chama cha sataranji nilipomaliza chuo: kuutangaza mchezo, watoto waupende, wazazi waache kuuita mchezo wa wavivu. Barua thelathini na nane, bila jibu hata moja. Huyu naye hakuletwa na barua. Mkubwa fulani aliyepaswa kuhojiwa naye asubuhi ile alikuwa ameahirisha, na dereva wao akakumbuka kuona bango letu getini.

"Nina dakika tatu za kujaza kabla ya utabiri wa hali ya hewa," akasema mtangazaji. "Nipe mtoto anayelia au anayeruka."

"Hawa hawalii wala hawaruki. Wanafikiri."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa yai viza.

Mwenyekiti wetu ana pua ya kunusa kamera. Alishatoka ofisini, tai imenyooka, mikono miwili mbele. Anakiongoza chama mwaka wa tisa sasa na bado hajui farasi anaendaje. Aliagiza meza, akapanga kete mwenyewe, na akaupanga ubao upande upande: pembe ya kulia kwake nyeusi badala ya nyeupe, mfalme na malkia wamebadilishana viti. Ni sawa na mwalimu kushika kitabu juu chini mbele ya darasa.

"Mzee, ubao umekaa vibaya," nikamnong'oneza.

"Nani ataona?"

"Kila mtoto aliyeko ukumbini."

"Watoto hawapigi kura," akasema, akainua farasi usawa wa shavu lake. "Sataranji hujenga ubongo. Mimi mwenyewe ni mfano."

Mpiga picha akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

"Mzee ametosha," mtangazaji akasema. "Kuna msichana?"

Alikuwepo. Chumba cha ndani kilikuwa kimebaki na ubao mmoja tu, na mmoja wa waliokuwa kwenye ubao ule ni binti wa miaka kumi na mmoja ambaye wenzake humwita Taratibu, kwa jinsi anavyokaa na kete moja kichwani mpaka mpinzani anaanza kuhesabu matofali ya ukutani. Akipata japo sare, anaingia kwenye timu ya watoto wanne watakaosafiri.

Mwaka jana pia ilikuwa hivyo. Alikuwa anashinda wazi, mwenyekiti akaingia na mpiga picha wa gazeti kumpa mkono juu ya ubao, na mkono wa koti ukaangusha kete mbili. Wakazirudisha mahali pasipo pake. Mtoto aliona, lakini angeanzaje kumwambia mzee kama yule kwamba amekosea? Akashindwa. Gazetini yakatoka meno ya mwenyekiti.

Kwa hiyo kabla ya raundi hii ya mwisho alinivuta shati. "Kaka, mwaka huu hawaji, eti?"

"Hawaji. Mpaka saa yako ya mchezo isimame, hapiti mtu."

Shangazi yake, fundi cherehani, aliguna kwenye benchi. "Ahadi za watu wa chama nazijua. Mwaka jana nilishona hadi gauni la safari."

Sasa mtangazaji alikuwa mlangoni mwa chumba cha ndani. "Dakika mbili tu. Anyanyue malkia, atabasamu, amrudishe."

"Akigusa kete lazima aicheze. Ndiyo sheria. Na malkia wake akisogea tu, amekwisha."

"Mdogo wangu, hayo ni yenu. Watazamaji wangu wanataka sura."

"Subirini amalize. Nusu saa."

"Nina dakika kumi."

Mwenyekiti akanishika kiwiko, akanisogeza pembeni. "Kijana, miezi minne unaniimbia vyombo vya habari, vyombo vya habari. Leo vimekuja kwa miguu yao. Fungua."

"Sifungui, mzee. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Taratibu."

"Kile kitoto?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, na hapo ndipo nilipomdharau kabisa. Debe tupu nalivumilia. Huyu alikuwa ameketi juu ya watoto mia mbili na hajawahi kumwona hata mmoja.

Lakini niseme ukweli, mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Niliitaka kamera ile kuliko wao wote. Niliwaza mtoto mahali fulani, mbele ya televisheni ya jirani, akimwona mwenzake amekaa kimya anafikiri, na akitaka kuwa vile. Kamera nyingine isingekuja. Na kweli, dakika mbili ni nini?

"Wafungulie tu, baba," akasema shangazi bila kuinua macho. "Sisi tumeshazoea."

Nikakiachia kitasa. Nikageuka, nikaweka mgongo mlangoni.

"Jumatatu usijisumbue kuja," mwenyekiti akasema.

"Sawa, mzee."

Wakampiga picha yeye. Akacheza peke yake kwenye ubao uliokaa vibaya, akamsogeza farasi moja kwa moja kama basi badala ya kumrusha kwa kona, akajipigia makofi. Mtangazaji alishafunga nyaya zake kabla makofi hayajaisha. "Pole, mdogo wangu," akaniambia akipita. Mpiga picha akaniuliza kama tuna choo.

Nilibaki pale. Sikuweza hata kuchungulia, maana mwenyekiti alikuwa bado anazunguka ukumbini na simu yake yenye kamera. Mchezo wenyewe sikuuona. Nilisikia tu saa ikibonyezwa, halafu kimya kirefu, halafu ikibonyezwa tena. Miguu ikafa ganzi. Shangazi akanisukumia kiti kwa mguu, nikakaa nikiwa nimeuegemea mlango vilevile.

Mwishowe mlango ukasukumwa kutoka ndani, nikasogea.

"Sare," akasema Taratibu.