Mguu wa Koplo

"Mali ya mji inaota kucha?" aliuliza mke wa Koplo, na karani wa baraza la mji akamjibu kwamba hata nyasi za uwanjani huota, na bado ni za mji.

Walikuwa wakivutana hivyo tangu asubuhi, chini ya mnara wa mashujaa. Kesho yake ilikuwa sherehe ya kuwaenzi waliopigana vita. Fundi mpaka rangi alikwisha kufungua kopo la rangi ya shaba, anasubiri wamalize. Koplo mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi za mnara, magongo ubavuni, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti la kushoto.

Askari aliyesimama pale juu alikuwa wa shaba mwili mzima, isipokuwa mguu wa kushoto. Kuanzia gotini kwenda chini ulikuwa mguu wa mtu, wenye nyama na joto. Siku sanamu ilipofunuliwa, mke wa Koplo aliutambua kabla hotuba haijaisha: kovu la mnyororo wa baiskeli kwenye ugoko, na kidole cha mwisho kilichompanda jirani yake. Ndio ule Koplo aliouacha vitani. Mgeni rasmi alisifu ufundi. Baraza likaamua upakwe rangi kila mwaka ili ufanane na mwenzake.

Ukishapakwa, Koplo huwashwa nyumbani, mahali ambapo hapana kitu cha kukuna, hadi mvua zije ziibandue rangi. Hilo mkewe angelivumilia, kama alivyovumilia kuja na mkasi kukata zile kucha. Lililomleta ni hospitali. Walikataa kumpa Koplo mguu wa bandia. Daktari alieleza kwa upole kwamba miguu ile ni ya watu waliopoteza yao, na wa Koplo haujapotea. Uko mjini, kila mtu anauona, wanafunzi wanapiga nao picha.

"Basi tupeni tuondoke nao," alisema mkewe.

"Sanamu itaanguka, mama. Na mgeni anakuja kesho. Shujaa tumwoneshe amelala?"

"Shujaa wenu huyo hapo, kakaa chini."

Karani akamgeukia Koplo, akamkumbusha kwamba amewekewa kiti mstari wa mbele.

Koplo alijiinua kwa magongo, akaegemea jiwe lililobeba sanamu, akaushika mguu wake kwenye kifundo. Vidole vikajikunja kidogo. Alikaa nao kitambo, kisha akauachia.

"Umezoea kusimama huu," alisema.

Karani akatazama saa, akampa mpaka rangi ishara. Yule akachovya brashi, akalipiga goti pigo moja la haraka, kama anapaka geti. Koplo akaruka, gongo moja likaanguka.

Mkewe aliliokota, akamrudishia. Kisha akavua viatu, akapanda juu ya jiwe, akampokonya mpaka rangi brashi. Aliikamua ukingoni mwa kopo mpaka ikawa karibu kavu, akaanza kupaka mwenyewe, taratibu, akilizunguka kovu. Karani akamshukuru, akaenda kupanga viti.

"Inawasha?" aliuliza mkewe bila kugeuka.

"Chini kidogo," alisema Koplo.

Akaishusha brashi chini kidogo.